Kitanda Usichokilalia Hujui Kunguni Wake

Wahenga wetu waliposema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, hawakuwa wakiifikiria kompyuta. Lakini kila tukizitazama afisi zetu za leo tunaona kwamba neno lao linazihusu kompyuta pengine kuliko linavyovihusu vitanda. Vyombo hivi huchorwa na watu wasiovilalia, kisha huletwa kwa karani na kwa mwananchi, ambao ndio watakaoumwa.

Siku za karibuni tulifika katika afisi moja ya huduma ambayo hatutaitaja jina, kwa kuwa nia yetu si kumfedhehesha mtu. Tulimkuta karani, bibi wa makamo, mwenye bidii na adabu njema. Juu ya meza yake palikuwa na kompyuta mpya, na pembeni yake daftari la mistari lililochakaa pembe. Kila mwananchi aliyeingia, karani alimwandika kwanza katika daftari kwa kalamu. Na jioni, watu walipokwisha, ndipo alipoyahamisha yale maandishi katika kompyuta. Tulimwuliza kwa nini anaifanya kazi moja mara mbili. Akatujibu kwa upole, "Ndugu zangu, kompyuta hii haipokei mambo yetu mpaka yapindwe kwanza. Na kuyapinda kunataka muda, na watu wapo kwenye foleni."

Tukamwomba atuonyeshe huko kupinda. Fomu iliyokuwa katika kioo cha kompyuta ilidai jina la kwanza, jina la kati na jina la ukoo, na ilikataa kuendelea ikiwa nafasi moja imeachwa tupu. Sisi watu wa visiwani tuna jina letu, la baba na la babu. Wengine wana nisba ya kabila, wengine hawana, na wenye nayo si wote wanaoitumia. Basi afisi moja imeandika jina la babu penye ukoo, na afisi ya pili imeandika nisba. Mzee mmoja aliyekuwepo pale, mkaazi wa kisiwa kidogo, alikuwa amevuka bahari mara tatu kwa sababu makaratasi yake mawili yalimfanya kuwa watu wawili. Hakukosa yeye wala hakukosa karani. Ilikosa fomu.

Yakafuata mambo ya saa. Mtoto aliyezaliwa saa nne usiku aliandikwa 04:00, na kwa hesabu ya mashine hiyo ni saa kumi alfajiri. Aidha, kwa wazee wetu siku huanza magharibi, na usiku unaofuata mchana wa Alkhamisi ni usiku wa Ijumaa. Kwa mashine, siku huanza saa sita za usiku. Mama akisema mwanawe kazaliwa usiku wa Ijumaa, mtu asiyejua atamwandika kwa tarehe isiyo yake. Na ujumbe wa simu unaomwita mzazi kliniki "saa 8:00" humfikisha kituoni saa nane mchana, wakati mwuguzi amekwisha kufunga sanduku la chanjo. Haya si mambo ya mapambo. Ni siku ya kazi iliyopotea, nauli ya mashua iliyoliwa na bahari, na mtoto aliyerudi nyumbani bila ya kinga.

Tunauliza: ni nani aliyeyajua haya kabla ya kompyuta kuletwa? Karani aliyajua. Mzee aliyajua. Mkunga aliyajua. Ila hapana hata mmoja wao aliyeulizwa. Na hata kama wangaliulizwa kwa maneno matupu, pengine wasingaliweza kujibu, kwani mtu hawezi kukitia ila chombo ambacho hajakiona. Hapa ndipo ilipo maana ya elimu tunayotaka kuizungumzia leo, ambayo wataalamu huiita usanifu unaomweka mtumiaji mbele, na zana yake kubwa ni mfano wa majaribio.

Mfano wa majaribio si jambo geni kwetu. Fundi wa kanzu akishapima na kukata hakimbilii cherehani. Kwanza hupiga bandi kwa uzi mrefu wa mkono, humvalisha mwenyewe, humwambia ainue mikono, ageuke, ainame kama anayerukuu. Kwapa likibana, bandi hufumuliwa kwa kuvuta uzi mmoja. Lakini nguo ikishapita cherehani, kuirekebisha ni kuichana. Tatizo la afisi zetu ni kwamba tunapokea kanzu iliyokwisha kushonwa na kutiwa darizi, ndipo tunapoambiwa tuvae.

Historia ya zana hizi inatuhusu sisi wafanyakazi kwa njia ya pekee, kwa sababu sehemu yake kubwa ilianzia katika vyama vya wafanyakazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, nchini Norway, mtaalamu wa kompyuta Kristen Nygaard, mmoja wa wavumbuzi wa lugha ya Simula, alifanya kazi pamoja na chama cha wafanyakazi wa chuma. Hawakukutana ili kuwafundisha wafanyakazi kuitii mashine. Walikutana ili wafanyakazi waielewe na wawe na kauli juu yake kabla haijafungwa kiwandani. Mwaka 1975 shirikisho la vyama vya wafanyakazi na chama cha waajiri wa nchi hiyo wakatiliana saini makubaliano ya jumla juu ya kuingizwa kwa kompyuta kazini.

Kisha, kati ya mwaka 1981 na 1985, watafiti wa Sweden na Denmark walishirikiana na umoja wa wafanyakazi wa uchapaji wa nchi za Kaskazini katika mradi ulioitwa UTOPIA. Wasomaji wa gazeti watauona uzito wa jambo hili, kwani kazi yenyewe ilikuwa ni kupanga kurasa za gazeti. Kompyuta zilikuwa zinaingia katika vyumba vya uchapaji, na wapanga kurasa walihofu kwamba ufundi wao utatupwa. Watafiti walianza kama wanavyoanza wataalamu wengi, kwa michoro ya mishale na makabrasha ya maelezo. Wachapaji wakayatazama makabrasha yale na wasiyaone kuwa ni kazi yao. Waswidi wale walikuwa watu wa kusoma na kuandika, lakini ufundi wa kupanga ukurasa umo mkononi na machoni, na haukai katika mchoro wa mishale.

Basi wakabadili njia. Wakatengeneza kituo cha kazi cha mbao na karatasi ngumu. Penye kioo cha kompyuta waliweka picha zilizoangazwa na karatasi zinazobadilishwa kwa mkono. Penye mashine ya kuchapia, ambayo kwa wakati ule ilikuwa bado haijaenea, waliweka boksi tupu lililoandikwa jina la mashine hiyo. Mchapaji alikaa mbele ya boksi, akafanya kazi yake kana kwamba kila kitu ni cha kweli, na alipokwama alisema: hapa pananibana, hapa sioni ukurasa mzima, hapa mkono wangu unakwenda mbali. Kila mmoja aliweza kuchukua mkasi na kulibadili lile boksi. Jambo hili ndilo kubwa kupita yote: zana ilikuwa rahisi kiasi kwamba aliyekuwa akiitumia aliweza pia kuibadili. Chombo kilichoelekezwa na mradi ule kilijaribiwa baadaye katika gazeti la Aftonbladet la Stockholm.

Huko Marekani nako watafiti walikuwa na hila zao njema. Katika kampuni ya IBM, John Gould na wenzake walitaka kujua kama watu wataweza kuandika barua kwa kusema tu, mashine isikilize na iandike. Mashine hiyo ilikuwa haijakuwepo. Wakamweka mtu mbele ya kioo aseme, na katika chumba cha pili wakamficha mpiga chapa hodari aliyesikia na kuandika, na maneno yakatokea kiooni kana kwamba mashine ndiyo iliyosikia. Matokeo yalitangazwa mwaka 1983. Kwa gharama ya mpiga chapa mmoja walijifunza mambo ambayo yangaliwagharimu miaka ya uundaji. Vilevile Jeff Hawkins, kabla ya kompyuta ya mfukoni iliyotoka mwaka 1996 kwa jina la Pilot, alikata kipande cha ubao chenye ukubwa aliokusudia akakitia katika mfuko wa shati. Alitembea nacho, na kila alipohitaji kuandika miadi alikitoa akajifanya anaandika juu yake kwa kijiti. Ubao ule ulimfundisha ukubwa gani mtu atauvumilia na ni mambo gani atayataka kila siku.

Zana za kompyuta zilifuata. Mwaka 1987 kampuni ya Apple ilitoa programu ya HyperCard, iliyotungwa na Bill Atkinson, ambayo kwayo mwalimu au karani asiye mtaalamu aliweza kuchora kadi, akatia kitufe, na kitufe kikibonyezwa kikafungua kadi nyingine. Leo zipo programu nyingi za namna hiyo. Balsamiq, iliyotoka mwaka 2008, huchora fomu kwa mistari ya kupindapinda kama iliyochorwa kwa kalamu. Figma, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2016, huwawezesha watu walio mbalimbali kuuchora ukurasa mmoja kwa pamoja kupitia intaneti, na kuuunganisha na kurasa nyingine ili mtumiaji abonyeze na aone kitakachotokea, ingawa nyuma yake hakuna programu yoyote iliyokwisha kuandikwa. Yote haya ni bandi. Hayajawa mshono.

Hapa tunaomba ndugu zetu watendaji watusikilize kwa makini, kwa sababu ipo siri katika ile mistari ya kupindapinda. Mtu akionyeshwa kitu kinachong'aa, chenye rangi na nembo ya serikali, huona kwamba kazi imekwisha, na lililobaki kwake ni kushukuru. Akionyeshwa karatasi iliyochorwa kwa kalamu, huona kwamba kazi bado, na neno lake lina nafasi. Kwetu sisi jambo hili ni zito zaidi kuliko kwa Waswidi. Sisi tumelelewa katika adabu. Kijana hamwambii mkubwa kwamba kazi yake ni mbovu, na mgeni akikuletea kitu hukitafutii kasoro mbele yake. Mwananchi akiulizwa na bwana mkubwa aliyeshuka katika gari, "Je, mfumo huu ni mzuri?" atajibu kuwa ni mzuri sana, na ataondoka na kunguni wake. Kwa hiyo asiulizwe kama ni mzuri. Apewe kazi: "Bibi, tafadhali muandikishe mjukuu wako kwa karatasi hii." Kisha aachwe afanye, na anayetazama anyamaze na aandike pale mkono ulipositasita. Mkono hausemi uongo kwa ajili ya adabu.

Wala watu wengi hawahitajiki. Jakob Nielsen, mtaalamu wa fani hii, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kuonyesha sehemu kubwa ya kasoro za ukurasa, na kwamba ni bora kujaribu kwa watano, kurekebisha, kisha kujaribu tena kwa watano wengine, kuliko kufanya jaribio moja kubwa la kujisifia. Wapo wataalamu waliombishia juu ya hesabu yake, na sisi hatuwezi kudai kwamba watu watano wa Mjini wanaweza kumsemea mvuvi wa Micheweni au mkulima wa Makunduchi. Lakini watano ni wengi kuliko hakuna, na hakuna ndiyo idadi iliyoulizwa katika afisi tuliyoitembelea.

Pengine atatokea msomaji aseme kwamba haya ni mambo ya Ulaya na yana gharama zao. Tunamjibu kwamba uzao wa elimu hiyo umekwisha kufika hapa nyumbani. Mwaka 1994, Afrika Kusini ilipotoka katika utawala wa ubaguzi, wanaharakati wa afya na watafiti, wakiwemo waliotoka Norway katika mkondo uleule wa Nygaard, walianza kazi ya kuunda upya taarifa za afya katika wilaya za Cape. Walikaa na wauguzi, wakaunda programu ndogo, wakaionyesha, wakasikia malalamiko, wakaibadili, wakaionyesha tena. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa programu ya DHIS, ambayo hutolewa bila ya malipo, na kizazi chake cha pili kinatumika leo katika nchi zaidi ya 70.

Programu hiyo ilianza kutumiwa hapa Zanzibar mwaka 2005, na tangu hapo yakaanzishwa mafunzo ya kila robo mwaka ambayo yanastahili kusifiwa. Timu za wilaya na za miradi ya afya zilikutana, kila timu ikasimama mbele ya wenzake na takwimu zake yenyewe, na wenzake wakauliza. Mtu anayeisimamia namba yake mbele ya wenzake huona mara moja pale fomu ilipomdanganya. Kwa njia hiyo kasoro za takwimu, za fomu na za programu zilijitokeza na kurekebishwa hatua kwa hatua, na habari za kazi hiyo zilichapishwa mwaka 2012 katika jarida la Shirika la Afya Duniani. Basi asituambie mtu kwamba watu wa visiwani hawawezi. Tumekwisha kuweza. Lililobaki ni kuuliza kwa nini lile lililowezekana kwa afya halijawa desturi ya kila afisi.

Hata hivyo, hatutaki kuuza dawa kwa kuificha ladha yake chungu. Wachapaji wa UTOPIA walichora chombo kizuri, lakini waandishi wa habari hawakuwa washirika katika mradi ule, na mipaka ya kazi kati ya makundi mawili ikabaki kuwa mgogoro. Chombo chenyewe hakikupata soko kama kilivyotarajiwa. Na mwaka 1985 ilitoka programu ya PageMaker, ambayo kwayo mtu mmoja aliweza kupanga ukurasa juu ya meza yake, na baada ya miaka michache ufundi ule wa zamani ulikuwa umehamia mikononi mwa wengine. Tunajifunza mambo mawili. La kwanza, ukimwalika mmoja na kumsahau jirani yake, hujashauriana. La pili, boksi la karatasi humpa mfanyakazi sauti juu ya umbo la chombo. Halimpi peke yake madaraka juu ya mahali chombo kitakapopelekwa. Madaraka hayo hutafutwa katika vikao, katika vyama na katika sheria.

Ipo na hatari nyingine, nayo tunaiogopa zaidi. Ni hatari ya kuugeuza mfano wa majaribio kuwa mchezo wa kuigiza: mkataba umekwisha kutiwa saini, fedha zimekwisha kulipwa, ndipo wananchi wanaitwa ukumbini, wanaonyeshwa picha, wanapewa soda, na kesho yake yanaandikwa makabrasha kwamba walishirikishwa. Katika hili tunajikosoa wenyewe kabla ya kumkosoa mwingine. Tumewahi kukaa katika kikao cha namna hiyo. Taa zilizimwa, picha zikang'aa ukutani, mshauri akaeleza kwa ufasaha, nasi tukapiga makofi. Hapana kati yetu aliyeuliza mzee asiye na jina la ukoo ataandikwaje. Tulikuwa wengi, wenye vyeo na wenye elimu, na karani hakuwemo chumbani.

Dini yetu imetufundisha kushauriana, na siasa yetu imetufundisha kwamba madaraka ni ya wananchi. Mafunzo haya mawili yanakutana katika jambo dogo linaloweza kuanza kesho. Tunapendekeza kwamba wizara au taasisi yoyote isitie saini mkataba wa mfumo wa kuwahudumia wananchi mpaka kurasa zake zote zimechorwa katika karatasi na kujaribiwa na watu watano wa Mjini, watano wa shamba, watano wa Pemba na watano wa visiwa vidogo, wakiwemo wazee na wasiojua kusoma pamoja na wanaowasomea. Tunapendekeza kwamba makarani watakaoutumia mfumo wawemo katika majaribio hayo, na wakubwa wao wasiwemo chumbani wakati huo. Tunapendekeza pia kwamba sehemu ya malipo ya mkandarasi izuiliwe mpaka aonyeshe kwa maandishi ni kasoro zipi zilizoonekana na ni zipi alizozirekebisha. Na lugha iwe Kiswahili tangu karatasi ya kwanza, si tafsiri inayobandikwa mwishoni.

Watakaosema kwamba hatua hizi zitachelewesha maendeleo tunawakumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Wiki mbili za karatasi na mkasi ni ufa. Miaka ya karani kuandika kila jambo mara mbili ni ukuta, na fedha za ukuta huo zinatoka katika mfuko wa umma.

Tulipoagana na yule karani tulimwuliza angependa kuwaambia nini waliouunda mfumo wake. Hakulalamika. Alifungua daftari lake, akatuonyesha namna alivyolipiga mistari kwa rula: jina la mtu, la baba, la babu, na pembeni nafasi ya nisba kwa mwenye nayo, saa, na mbele yake alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Alisema daftari hilo amelibadili mara nyingi kila alipoona linamtatiza. Ndipo tulipotambua kwamba mfano wa majaribio tuliokuwa tukiutafuta katika vitabu vya nchi za mbali ulikuwa juu ya meza ile, umekwisha kupimwa kwa wananchi kwa miaka, na hapana mtaalamu aliyewahi kuomba kuutazama. Tunawaomba wahusika wakauombe.